Miezi 53 juu ya mwamba: kwa nini pweza wa kilindini hawana haraka

Jumamosi asubuhi, pale City Market kwenye barabara ya Muindi Mbingu jijini Nairobi, muuza samaki wangu wa siku zote alimtoa pweza kwenye barafu, akamlaza juu ya kaunta ya vigae, kisha akamgeuza kichwa ndani nje kama mtu anayegeuza soksi. Katikati ya matumbo palikuwa na kifuko cheusi kinachong'aa, kidogo kuliko kidole gumba. Alikishika kwa ncha za vidole, akakikata polepole na kukitupa kwenye ndoo. "Huu ndio wino, dada," akaniambia. "Ukipasuka hapa, kaunta nzima inakuwa nyeusi."

Nikamuuliza pweza yule ana umri gani. Akampima kwa macho. Alikuwa wa kilo mbili hivi, ametoka Shimoni. "Huyu mwaka hajamaliza," akasema. "Pweza hana uzee. Anakula, anakua, anazaa, anakufa. Ukimwacha leo baharini, mwaka ujao humkuti."

Maneno yake ni ya kweli kabisa. Pweza tunayemla kutoka pwani yetu, ambaye wanasayansi wanamwita Octopus cyanea, huishi mwaka mmoja, akizidi sana mwaka na nusu. Hukua kwa kasi inayoshangaza. Ndiyo maana wanakijiji wa Andavadoaka kule Madagaska, walipofunga sehemu ya mwamba wao mwaka 2004 na kuacha kuvua pweza kwa miezi michache tu, waliporudi walikuta pweza wazito kuliko wale waliowaacha. Wazo hilo lilisambaa hadi pwani ya Afrika Mashariki, na leo wapo wavuvi wa Lamu, Kwale na Pemba wanaofunga miamba yao kwa msimu. Miezi michache inatosha kwa sababu pweza wa maji ya juu ana haraka ya maisha.

Lakini pweza ni ukoo mkubwa, na wengi wa jamaa zake hawajawahi kuona mwamba wa matumbawe wala mwanga wa jua. Hao wanaishi kilindini. Sisi Wakenya neno hilo tunalo mdomoni kila siku bila kulisikiliza: bandari ya Mombasa inaitwa Kilindini kwa kuwa maji yake ni ya kina. Kina cha bandari, hata hivyo, ni makumi ya mita tu. Kilindi ninachokisema hapa kinaanzia pale ambapo jua limekwisha kabisa, karibu mita 1,000 chini. Ukitaka kuipiga picha akilini, panga majengo tisa kama lile la KICC, jumba refu la mikutano jijini Nairobi, moja juu ya lingine, yote yazame, na kilele cha la juu kabisa kiwe bado ndani ya maji. Huko, hesabu ya muuza samaki wangu inapinduka. Mwaka mmoja si kitu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mama mmoja ambaye hana jina. Mwezi Aprili 2007, watafiti wa MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari ya California, wakiongozwa na Bruce Robison, waliteremsha roboti yao kwenye Korongo la Monterey, bonde refu lililochimbika chini ya Bahari ya Pasifiki. Kwa kina cha karibu mita 1,400 walimwona pweza jike wa jamii ya Graneledone boreopacifica akitambaa kuelekea kwenye mwamba. Waliporudi siku 38 baadaye, alikuwa ameshajibandika kwenye ukuta wa mwamba uleule, na chini ya mwili wake kuna mayai. Walimtambua kwa makovu yake. Walirudi tena, na tena. Kila wakiteremka wanamkuta palepale, minyiri yake imeyazunguka mayai kama mkono unaozuia mshumaa usizimwe na upepo.

Kwa jumla walimtembelea mara 18. Hawakumwona akila hata siku moja. Kaa na kamba walipita karibu yake, na yeye hakuwashika. Aliwasukuma tu wakisogelea mayai. Watafiti walimpelekea vipande vya kaa kwa mkono wa roboti, akavikataa. Miaka ilivyopita, ngozi yake ilipauka, macho yakaingia ukungu, mwili ukanywea. Mayai nayo yalizidi kukua. Mara ya mwisho walimwona Septemba 2011. Walipofika Oktoba, hakuwepo. Kwenye mwamba palibaki maganda matupu ya mayai, yamechanika, yakining'inia.

Ni miezi 53. Ndovu hubeba mimba miezi 22, na sisi tunaona ni ajabu. Hakuna mnyama mwingine yeyote anayejulikana aliyewahi kuonekana akiatamia mayai kwa muda mrefu kama huo.

Swali linalonivuta mimi si jinsi alivyovumilia, ingawa hilo nalo linagusa moyo. Ni kwa nini. Kwa nini kazi ambayo pweza wa Shimoni anaimaliza kwa mwezi mmoja hivi, jamaa yake wa kilindini aifanye kwa miaka minne na nusu?

Watu wengi nikiwauliza hukimbilia jibu la uzito wa maji. Hebu tuliondoe njiani kwanza. Ni kweli kwamba kule chini maji yanabana mno. Kila ukishuka mita 10, shinikizo huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wote wa hewa unaotulemea tukiwa usawa wa bahari. Kwa mita 1,400, kila eneo la ukubwa wa ukucha linabeba kama kilo 140, yaani gunia zima la mahindi na nusu ya jingine. Binadamu angepondeka. Pweza hapondeki, na sababu yake unaweza kuijaribu mwenyewe ukisafiri. Chukua chupa mbili za plastiki za maji ya kunywa. Moja ijaze maji pomoni, nyingine iache tupu, zifunge kabisa ukiwa Nairobi, halafu panda treni ya SGR uende Mombasa. Utashuka zaidi ya mita 1,500. Ukifika kituo cha Miritini, ile tupu imebonyea kana kwamba mtu ameikalia, na ile yenye maji iko vilevile. Kinachopondeka ni hewa. Sisi tuna mapafu. Samaki wengi wana kibofu cha hewa. Pweza hana nafasi ya hewa popote mwilini, yeye ni chupa iliyojaa maji. Bado mwili wake unahitaji protini na tando za seli zinazofanya kazi zikiwa zimebanwa hivyo, na wanyama wa kilindini wamezirithi. Lakini shinikizo si sababu ya ucheleweshaji wake.

Sababu ni baridi. Na hili ningependa kulieleza kwa mahamri.

Shangazi yangu alizaliwa Mombasa, akaolewa Nairobi, na kwa miaka mingi amekuwa akikanda unga wa mahamri usiku ili asubuhi watu wapate kula. Mombasa, anasema, unga ulikuwa ukiumuka ukiuangalia hivi hivi. Nairobi mwezi wa Julai, unga uleule, hamira ileile, tui lilelile, unalala tu kwenye bakuli kama umekasirika. Kwa hiyo shangazi huwa anafunika bakuli kwa kitambaa na kulisogeza karibu na jiko la makaa lililoanza kufa moto. Hamira haijabadilika. Ni viumbe vidogo vilivyo hai, na kazi zao za ndani huenda kwa mwendo unaoamriwa na joto.

Mwili wa pweza ni vivyo hivyo. Hajitengenezei joto kama sisi. Joto lake ni lile la maji aliyomo. Kwa wanyama wengi wa namna hiyo, maji yakipoa kwa nyuzijoto 10, mwendo wa kazi za mwili hushuka hadi nusu, au hata theluthi. Maji ya mwambao wetu huwa kati ya nyuzijoto 25 na 30 za Selsiasi. Pale alipokuwa yule mama wa Monterey, maji yalikuwa ya nyuzijoto 3. Chakula anachohitaji kimepungua, mapigo ya mioyo yake mitatu yamepungua, na chembe zinazogawanyika ndani ya yai zinagawanyika kwa kujivuta. Baridi hiyohiyo inayochelewesha mayai ndiyo iliyomwezesha kukaa miaka bila kula, kwa kuwa akiba ya mwili wake ilikuwa ikiungua kwa moto mdogo sana.

Ila ukifanya hesabu ya haraka, utaona baridi peke yake haifikishi miezi 53. Chukua mwezi mmoja na kidogo wa pweza wa Shimoni, uuzidishe mara kumi, bado uko mbali. Kilichobaki kinaelezwa na aina ya mtoto anayetoka. Pweza wa mwambao wetu hutaga mayai laki na zaidi, madogo mno, na watoto wake hutoka wakiwa wadogo kama punje ya mchele, kisha huchukuliwa na mkondo. Karibu wote huliwa. Mama amecheza kwa wingi. Yule wa Monterey alikuwa na mayai yapata 160 tu, lakini kila yai limejaa kiini cha kumlisha mtoto kwa miaka. Mtoto anayetoka humo si wa kuelea. Ni pweza kamili mdogo, mwenye minyiri yenye nguvu, anayeweza kutambaa na kuwinda tangu siku ya kwanza. Mahali ambapo chakula ni haba na giza ni la kudumu, kumwachilia mtoto mchanga ni kumpoteza. Kwa hiyo mama anamlea ndani ya yai muda wote ambao mwenzake wa juu angemwachia bahari imlee.

Yapo mayai, na yupo wa kuyapa hewa. Hilo watu hulisahau. Pweza anayeatamia hakai bure: anayafagia mayai kwa vikombe vya minyiri ili yasiote uchafu, na kwa bomba lake la pembeni ya kichwa anayapulizia maji mapya ili yapate oksijeni. Akiondoka siku chache, yatakufa au yataliwa. Hawezi kwenda kuwinda na kurudi.

Na akimaliza, anakufa. Hapo ndipo nilipoukumbuka msemo wetu wa kumwambia mtu anajipalia makaa kama pweza. Pweza akiwekwa juu ya moto minyiri yake hujikunja na kuvuta makaa kuelekea mwilini, na watu wa pwani wakaona humo picha ya mtu anayejiletea msiba. Sayansi ya mama pweza inakaribia picha hiyo kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani, Jerome Wodinsky, aliwapasua pweza majike wa maji ya juu waliokuwa wanaatamia na kuwaondolea tezi mbili ndogo zilizo karibu na macho. Wale majike waliacha mayai, wakarudi kula, wakaendelea kuishi. Ikawa wazi kwamba kufunga kwao na kufa kwao havikutokana na uchovu. Mwili wenyewe ulikuwa umetoa amri. Mwaka 2022, kundi la watafiti akiwamo Z. Yan Wang na Clifton Ragsdale walionyesha kwamba tezi hizo, mama akishataga, hubadilisha namna zinavyotengeneza kemikali za jamii ya kolesteroli. Amri hiyo kwa pweza wa mwambao hutekelezwa kwa wiki kadhaa. Ajabu ya mama wa Monterey ni kwamba uzima wake ulinyooshwa kwa miaka, akifa kidogo kidogo kwa kipimo kilichowatosha watoto kukamilika.

Sasa rudi kwa shangazi na jiko lake.

Oktoba 2018, meli ya utafiti iitwayo Nautilus ilikuwa juu ya Mlima Davidson, volkeno iliyozimika ambayo yote iko chini ya maji, kusini magharibi mwa Monterey. Roboti ilikuwa ikitambaa kwenye miamba ya chini ya mlima huo, kwa kina cha karibu mita 3,200, pale kamera ilipoangukia vitu vya mviringo, vya rangi ya zambarau iliyofifia, vimejipanga kwenye nyufa za mawe. Walikuwa pweza. Kila mmoja ana ukubwa wa balungi, amejigeuza juu chini na kukunja minyiri kuzunguka mwili, nao wamebanana begani kwa bega. Wanaitwa Muusoctopus robustus, na kwa umbo hilo watafiti wakawapa jina la pweza lulu. Katika eneo la hekta mbili na nusu hivi, sawa na viwanja vitatu vya mpira na kidogo, walihesabiwa karibu 6,000. Eneo lote linakadiriwa kuwa na zaidi ya 20,000. Hakuna mahali pengine baharini panapojulikana kuwa na pweza wengi hivyo pamoja, na mnyama huyu kwa desturi anapenda kukaa peke yake.

Kilichofichua siri ni mtetemo wa maji. Pweza mmoja alipojisogeza, nyuma yake maji yalionekana yakicheza, kama hewa inavyocheza juu ya lami ya barabara kuu ya Mombasa saa saba mchana. Maji yale yalikuwa ya vuguvugu. Huingia kwenye nyufa za volkeno ile ya zamani, hupata joto kidogo humo ndani, kisha hutoka tena kwenye chemchemi ndogo ndogo. Maji ya nje pale chini ni ya nyuzijoto 1.6 tu. Ndani ya viota, kwenye midomo ya chemchemi, joto hufikia nyuzi 5, mahali pengine 10 na kidogo.

Nyuzi 10 kwetu ni baridi ya kuvalia makoti mawili. Kwa yai la pweza wa kilindini ni jiko. Watafiti, wakiongozwa na James Barry wa MBARI, walirudi kwa miaka kadhaa wakifuatilia viota vilevile, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2023. Kwa baridi ya nyuzi 1.6, mayai yale yangetarajiwa kuchukua miaka mitano hadi minane, au zaidi. Yaliangua kwa chini ya miaka miwili. Akina mama wamesafiri gizani, wakatafuta mwamba wenye joto, wakaweka bakuli karibu na jiko. Muda wa hatari, wa kushambuliwa, wa kufa njaa kabla ya mayai kuiva, umepunguzwa hadi kama theluthi au robo.

Napenda pia kwamba watafiti wa kilindi walikuwa wameshakosea mahali pengine, kisha wakasahihisha. Mwaka 2013 kwenye kilima cha Dorado, nje ya pwani ya Costa Rica, walikuwa wameonekana pweza wengine wanaoatamia kwenye chemchemi za vuguvugu, karibu mita 3,000 chini. Mayai yaliyochunguzwa kwenye picha hayakuonekana kuwa na kitu ndani. Ikasemekana pale ni mtego: maji yana oksijeni haba, akina mama wamefuata joto na kupotea. Mwaka 2023 timu nyingine ikateremka palepale na kuona watoto wakitoka kwenye mayai mbele ya kamera. Kilindi ni hivyo. Unakiona kwa dakika chache, kwa taa uliyokwenda nayo, halafu unapanda juu na kukisimulia kana kwamba umekaa huko.

Nimerudi kwenye kile kifuko cheusi kilichotupwa ndoo pale City Market. Pweza lulu hana. Graneledone hana. Wino ni wa kumpofusha adui anayekutazama, na kule ambako hakuna jua, wingu jeusi halimfichi mtu. Kizazi baada ya kizazi kifuko kilipotea. Huu ukoo wa Graneledone, kwa mujibu wa utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 na Jan Strugnell na wenzake, asili yake ni bahari ya kusini, kandokando ya Antaktika. Zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, bara lile lilipoanza kuganda, maji ya chumvi nyingi na baridi kali yalianza kuzama na kutambaa kwenye sakafu ya bahari kuelekea kaskazini. Pweza wa mababu walizoea baridi ileile, kwa hiyo mkondo ule ukawa barabara yao. Walishuka nao, wakasambaa duniani.

Kuna kundi jingine lililoshuka chini zaidi, nalo ndilo linalotuhusu sisi watu wa Bahari ya Hindi. Ni pweza wenye mapezi. Juu ya macho, pande zote mbili za kichwa, wana pezi moja moja linalopepea kama sikio la ndovu, na kwa mapezi hayo huogelea polepole karibu na sakafu, minyiri yao ikiwa imeunganishwa kwa ngozi kama mwavuli. Jenasi inayojulikana zaidi ni Grimpoteuthis. Kwa miaka mingi rekodi ya kina ya pweza ilikuwa picha iliyopigwa karibu na Barbados mwaka 1971, mita 5,145. Mwaka 2020 Alan Jamieson na Michael Vecchione walitangaza kwamba kamera walizotua kwenye Handaki la Java zilimnasa pweza wa aina hii kwa mita 5,760, na mwingine kwa mita 6,957.

Mlima Kenya una mita 5,199. Uuzamishe wote, kisha juu yake ongeza maji ya kina kinacholingana na mwinuko wa Nairobi kutoka usawa wa bahari. Hapo ndipo alipokuwa akipepea masikio yake. Kwa rekodi hiyo, wanasayansi wamesema pweza sasa anaweza kuhesabiwa kuwa mkazi wa asilimia 99 ya sakafu ya bahari zote. Na Handaki la Java liko kwenye Bahari ya Hindi, bahari ileile inayolamba ngazi za Fort Jesus.

Si mara ya kwanza kwa watafiti wa kilindi kupita kwenye bahari yetu. Meli ya Kijerumani iitwayo Valdivia, iliyofanya safari kubwa ya kuchunguza kilindi kati ya 1898 na 1899, ilipita Dar es Salaam kabla ya kuendelea hadi Aden. Kutoka kwenye nyavu zake, mkuu wa msafara Carl Chun alimwandika mwaka 1903 kiumbe chekundu kama damu iliyoganda, chenye mapezi na ngozi ya mwavuli, akakiita Vampyroteuthis infernalis na kukiweka kundi la pweza. Leo kinawekwa kando, peke yake, ndugu wa karibu wa pweza lakini si pweza. Jina lake linatisha bure. Mwaka 2012 ilidhihirika kwamba chakula chake ni mabaki yanayodondoka kutoka juu: vipande vya mizoga, kinyesi na ute, ambavyo hukusanya kwa nyuzi mbili ndefu.

Hadithi ya majitu yanayomeza meli hainishughulishi. Wengi wa pweza wa kilindini wangetosha kwenye sufuria ya chai. Kinachonishughulisha ni mmoja mdogo, mweupe, karibu angavu, asiye na hata jina rasmi. Alionekana mara ya kwanza Februari 2016, karibu na Hawaii, mita 4,290 chini, ameketi juu ya jiwe tambarare na macho yake mawili meusi yakitazama kamera. Mwishoni mwa mwaka huohuo Autun Purser na wenzake walieleza jinsi pweza wa namna hiyo wanavyotaga katika Bonde la Peru, kusini mashariki mwa Pasifiki. Sakafu ya huko ni tope laini, na yai haliwezi kubandikwa kwenye tope. Mama hutafuta bua la sifongo (mnyama wa baharini asiyehama) aliyekufa, lililosimama kama kijiti, akabandika mayai na kujizungusha nalo. Sifongo naye, ili aote, alihitaji kitu kigumu cha kushikilia. Kitu hicho ni kitonge cha madini.

Vitonge hivi vina ukubwa wa kiazi. Vina manganizi, nikeli, shaba na kobalti, na hukua kwa kujipaka madini ya majini, tabaka juu ya tabaka, kwa kawaida milimita chache kwa kila miaka milioni moja. Ndivyo vinavyotamaniwa na makampuni ya uchimbaji, kwa sababu kobalti na nikeli huingia kwenye betri nyingi, zikiwamo za simu zinazobadilishwa kila dakika pale Luthuli Avenue. Sheria za uchimbaji huo katika bahari isiyo ya nchi yoyote ziko mikononi mwa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika. Kenya ni mwanachama, kiti inacho na sauti inayo. Bahari ya Hindi nayo haiko pembeni: tangu 2002 India ina mkataba wa kutafiti vitonge kwenye eneo la kilomita za mraba 75,000 katikati ya bahari hii.

Wanaotetea uchimbaji wana hoja, na sipendi kuipuuza. Kobalti ya leo hutoka kwa wingi Kongo, na sote tumeona picha za mashimo na watoto. Lakini betri za chuma na fosfeti, zisizohitaji kobalti wala nikeli, zipo na zinatumika tayari, ilhali kitonge kikishaondolewa hakuna cha kuweka mahali pake. Bila kitonge hakuna sifongo. Bila bua la sifongo, mama hana pa kubandika mayai.

Hilo limejaribiwa. Mwaka 1989, wanasayansi wa Ujerumani walikwenda Bonde la Peru na kuburuta plau kwenye sakafu, wakivigeuza na kuvizika vitonge, ili waone bahari itachukua muda gani kupona. Mwaka 2015 meli nyingine ilirudi mahali palepale na kushusha kamera. Ilikuwa imepita miaka 26. Mifereji ya plau ilikuwa wazi kama shamba lililolimwa wiki hiyo, na ndani ya mifereji hiyo mabua ya sifongo yalikuwa bado hayajarudi.